Mzee Melkiori amekubali nusu

Tabora, Julai mosi. Asubuhi baridi ya kuvaa sweta, mchana upepo na vumbi mpaka kwenye meno.

Leo Burundi wanaadhimisha uhuru wao. Nilipanga kuandika hapa makala ya kuwasha moto: gwaride la nini, wakati mitaa yetu imejaa watoto wa waliokimbia? Aya nne zilikuwa tayari.

Nimezifuta.

Jirani yangu hapa Kanyenye, Mzee Melkiori, fundi baiskeli, aliingia nchi hii mwaka 1972 akikimbia mauaji kwao Burundi, mtoto wa miaka saba aliyeshika nguo ya mama yake. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Urambo, akalima tumbaku, akapata uraia. Ni Mtanzania kama mimi. Lakini kila Julai mosi hafungui kibanda chake. Anavaa koti, anawasha redio ya simu, anasikiliza sherehe za kwao.

Mdogo wake alisharudi Burundi. Alikuta familia nyingine kwenye shamba la baba yao, wapo tangu miaka ile ya mauaji. Sasa wale watu wamependekeza ligawanywe katikati. Mdogo mtu amechoka na ugomvi, anataka kukubali, ila kauli ni ya kaka mkubwa. Jibu lilitakiwa leo.

Mimi jibu nilikuwa nalo. Wiki tatu nzima nimemwambia mzee asiachie hata hatua moja. Bila kutumwa na mtu, nikamwandikia barua ya madai, kurasa mbili, kwa ukali wangu wote.

Nilikwenda nayo saa saba mchana. Nikaamkia, nikakaribishwa ugali na maharage. Sikuwa nimekunywa hata chai, kwa hiyo nilikula kama mtu aliyetoka shamba. Nilipomaliza ndipo nikatoa barua.

Mama Edita, mke wake, alicheka mpaka akashika ukuta. Maharage yale yalitoka kwenye shamba lenyewe. Waliyalima wale wale wanaoishi pale, wakayatuma kwa basi kupitia Kigoma. Katika ukoo wao, akanieleza, ukishakula alicholima mtu mnayezozana naye, ugomvi umeuweka chini.

"Na wewe umeomba uongezwe," akaniambia.

Aibu ilinishika, na mimi nikiona aibu huwa nakuwa mkali. Nikamuuliza mzee: na baba yako aliyefia ukimbizini, yeye anapata nini?

Alizima redio kwanza.

"Watoto wa yule bwana aliye shambani wamezaliwa pale, mwandishi. Nikichukua lote, waende wapi? Mimi najua kukimbizwa. Siwezi kumkimbiza mtu."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu amani. Karibu vyote vinazungumzia wakubwa, meza ndefu na saini. Hakuna hata kimoja kilichonionyesha fundi baiskeli anayeachia nusu ya shamba la baba yake.

Sitawadanganya kwamba alifurahi.

Akapiga simu tukiwa pale pale. Akazungumza na mdogo wake, kisha na yule bwana, kwa Kirundi. Sikuelewa kitu. Nilimwona akiinamisha kichwa, akisikiliza kwa muda mrefu, halafu akauliza jambo fupi. Mama Edita akaninong'oneza: anauliza kama chemchemi ya bondeni bado ina maji.

Ina maji, wakamjibu. Watachota wote.

Bado naamini alidhulumiwa, na hilo nitalisema popote. Lakini leo nimeona kwamba mtu anaweza kujua haki yake yote, akaichukua nusu, na asiwe mwoga.

Mwezi ujao anakwenda kuweka mpaka. Ameniomba nimwandikie barua nyingine, fupi, ya kukubali, yenye adabu. Nimekaa nayo tangu alasiri. Mstari wa kwanza nimeuandika mara sita, na kila mara unatoka kama shitaka.

Nitajaribu tena asubuhi, kabla sijamkasirikia mtu yeyote.