Shafti Tuliyoifunga Wawili

Mama yangu,

Gari limepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula. Haligongi tena likikata kona, halidondoshi oili, na jana limebeba mabelo ya magauni ya mitumba kutoka ghalani hadi kibandani kwetu Mchikichini bila kusumbua.

Mimi pia ni mzima. Ninakula, ninalala, ninauza nguo. Watu wananiambia nilie, eti nitapata nafuu. Nimejaribu, mama. Machozi hayatoki.

Ninachokumbuka zaidi ni ile Jumapili ya uchochoroni kwetu Ilala. Raba ya shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye giaboksi kuzungusha gurudumu, ilikuwa imechanika, grisi yote imemwagika, na gari likawa linalia kila likigeuka. Uliwachoka mafundi. "Nikiwapelekea ubovu mmoja wananirudishia miwili," ulisema. Ukaangalia video kwenye simu siku kadhaa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha ukatangaza kwamba shafti tutaibadilisha wenyewe, wewe na mimi.

Tulienda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kununua iliyotumika. Ya kwetu ilikuwa bado imefungwa kwenye gari, kwa hiyo ulimwonyesha muuzaji picha. Akachomoa moja kwenye rundo.

"Ni yenyewe?" ukamuuliza.

"Yenyewe kabisa, mama. Kafunge utembee."

Ulivaa suruali ya marehemu baba, juu yake kanga, ukaingia chini ya gari. Mama Zuhura wa nyumba ya pili akapita na ndoo yake, akasimama. "Mama Juma, siku hizi umefungua gereji?" Ukamjibu kutoka huko chini, "Ulete na lako la miguu miwili, nilifanyie sevisi!" Alicheka mpaka maji yakamwagika.

Shafti ya zamani tuliitoa, ukaiegemeza nyuma ya tangi la maji, maana wewe hukutupa kitu maishani mwako. Ile tuliyonunua tukaiingiza kwenye giaboksi, lakini upande wa gurudumu ikawa haifiki vizuri. Ukaivuta. "Hii jointi ya ndani inavutika, ndivyo ilivyotengenezwa," ukaniambia, na kweli ikavutika, ikafika. Mimi nikakaza nati. Nilipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, wewe umenishika kiunoni nisianguke. Tulilizungusha gari mpaka Karume, ukaninunulia juisi ya miwa. "Unaona? Tungeanza mapema tungekuwa matajiri," ulisema. Mikono yako ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko na ulikuwa unang'aa kwa furaha.

Halafu mlio ule ukaanza. Ngo, ngo, kila tulipokata kushoto. Asubuhi nikawa naona matone ya oili chini, ukatandika boksi lisichafue uchochoro. Nilikwambia hii shafti haijakaa sawa.

"Barabara hiyo, Rehema. Huoni mashimo yalivyo?"

Ulisema tutaifungua tena Sikukuu ikipita, biashara ikitulia.

Hukuifikia hiyo Sikukuu. Ile asubuhi ulikuwa unakunja nguo sebuleni, nikasikia umeanguka. Nilipofika, mdomo wako ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia hauinuki. Mama Zuhura alinisaidia kukulaza kiti cha nyuma, akakaa nawe, kichwa chako mapajani mwake, mimi nikaendesha kuelekea hospitali. Tulipofika Gerezani nikakata kona, gari likagonga. Ukafumbua macho. Ulimi ulikuwa mzito lakini nilikusikia.

"Siyo barabara," ulisema.

Kisha kitu kikatoa mlio chini yetu, taa! Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halisogei. Nikakanyaga tena. Nikabadilisha gia, nikarudisha, nikakanyaga. Mama Zuhura alikuwa ananiambia, "Rehema, acha. Rehema, shuka." Wabeba mizigo wawili waliacha mkokoteni wao wakakubeba mpaka kwenye bajaji. Mmoja wao alikuvalisha kandambili yako iliyokuwa imedondoka.

Ulikaa hospitali mpaka kesho yake. Hukusema tena. Daktari aliniita pembeni akaniambia mshipa wa kichwani ulipasukia nyumbani, na ulipasuka vibaya. Hata kama ungefika kwa ndege, isingebadilisha kitu. Nikamwambia asante. Ndivyo nilivyomjibu, mama, kama mtu aliyeelekezwa njia.

Gari walilivuta wakaliacha nyumbani. Kaka Juma alikuja kutoka Mtwara kukuzika, akabaki mpaka arobaini. Kisomo kilipokwisha na wageni kuondoka, alikaa kizingitini akaliangalia gari.

"Hili tuliuze chuma chakavu," akasema. "Limemuua mama."

"Daktari amesema siyo."

"Daktari alikuwemo ndani ya gari?"

Nilimwambia anisubiri nilifungue kwanza nione. Sikutaka kuliokoa. Nilitaka tu kujua.

Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu. Nati niliyokaza mimi ilikuwa imekaza vilevile. Kwa hiyo siyo hiyo. Nikaingia chini. Shafti ilikuwa imechomoka kwenye giaboksi, inaning'inia. Nikakagua meno yake yanayoingia kwenye giaboksi. Hayakuvunjika, yalikuwa yamelika kwenye ncha tu. Ile ringi ndogo inayotakiwa kunasa kule ndani ilikuwa haina hata mkwaruzo, kama vile haikuwahi kunasa mahali popote. Nikakaa nikifikiria. Kisha nikaenda nyuma ya tangi, nikaleta shafti yetu ya zamani, nikazilaza zote mbili juu ya gunia.

Ile uliyouziwa ni fupi, mama. Kwa upana wa vidole viwili. Ulipoivuta ikafika kwenye gurudumu, ulikuwa unaichomoa kidogo kwenye giaboksi bila kujua. Ikawa inashikilia kwa ncha za meno tu. Ndiyo maana iligonga kwenye kona, ndiyo maana oili ilidondoka, na ndiyo maana siku ile ilitoka.

Juma alikuwa amesimama juu yangu. "Kwa hiyo ni yule muuzaji."

"Labda na yeye hakujua."

"Sasa ni nani?"

Yule aliuza, wewe ukavuta, mimi nikakaza. Nilidhani nikishajua, kitu fulani kitafunguka hapa kifuani. Nilifuta mikono kwa kitambaa nikaenda kubandika wali.

Siku iliyofuata tulirudi Gerezani na Juma, safari hii tumebeba shafti ya zamani yenyewe. Nilikwenda duka lingine. Nililaza yetu na ya kwake chini pamoja, nikazipima mwanzo hadi mwisho, nikahesabu meno. Nilikataa mbili, muuzaji akaanza kukunja uso. Ya tatu ililingana. Tulinunua na mpira mpya wa kuzuia oili. Nyumbani, Juma aliisukuma shafti ndani mpaka ikalia tak.

"Vuta," nikamwambia.

Akavuta kwa nguvu zake zote. Haikutoka.

Sisi wawili hatukuisikia hiyo tak, mama. Wala hatukujua kwamba inatakiwa kusikika.

Tulipolijaribu, Juma alikaa kiti cha pembeni. Nilikata kushoto, kimya. Nikakata tena, kimya. Akageuzia uso dirishani, nikaona mabega yake yanatikisika. Nikaendelea kuendesha. Pale Gerezani lilipotufia nilipunguza mwendo, nikangoja na mimi machozi yanijie. Nyuma wakapiga honi. Nikaongeza gia tukaondoka. Habari ya chuma chakavu hakuitaja tena, akarudi Mtwara.

Sasa nikueleze kwa nini nimekaa kuandika.

Jana alikuja yule mteja wako wa Kigamboni, mwembamba, anayechagua nguo za watoto bila haraka. Alipekua, akalipia, kisha akaangalia kiti chako.

"Mama yuko wapi leo?"

"Hayupo."

"Kesho atakuwepo?"

Nilitakiwa kumwambia. Nimeshawaambia watu wengi, na maneno nayajua kwa mpangilio. Lakini nilikuwa na gauni mkononi, nikawa nalikunja tu. Hakungoja jibu, alikuwa anawahi pantoni ya kuvukia kwao.

"Msalimie sana. Mwambie lile gauni la njano alilonichagulia limemkaa mwanangu kama alishonewa yeye. Hataki kulivua."

"Zimefika," nikasema.

Ndivyo tunavyojibu sote, bila kufikiri. Lakini alipoondoka nilibaki nimesimama na gauni nililokuwa nakunja. Salamu zilikuwa hazijafika. Zilikuwa zimeishia kwangu, na usiku kucha zimekaa kwangu.

Kwa hiyo ndizo hizi, mama. Anakusalimu sana. Gauni limemkaa. Mtoto hataki kulivua.

Lala salama.

Kitindamimba wako,
Rehema