Chale za Salama

Jumatatu, 16 Juni

Mwalimu huyo hana haya. Nani alimtuma kuhesabu alama kwenye mwili wa mjukuu wangu? Afundishe hesabu zake ubaoni, mbavu za watoto wa watu aziache.

Nilikuwa nachambua maharage, Salama akaingia na barua. Mama yake afike shule kesho asubuhi, jambo la haraka. Nikamhoji. Kumbe mvua iliwanyeshea uwanjani, mwalimu akamvua sweta na shati vilivyolowa, akaona chale. Akamuuliza mara tatu nani amekukata. Salama akatazama chini tu.

Vizuri. Nilimfundisha mimi. Jumamosi nilimchanja kwa ajili ya kikohozi, sita kulia, sita kushoto, nikapaka majivu ya mzizi. Nikamwonya: mkono uliochanja hautajwi. Ukitajwa, dawa inalala. Mama yangu alinichanja hivyo kule kwetu Arua. Juma mwanangu nilimchanja hivyo kambini, baba yake akiwa jeshini. Leo ana mabega kama mlango.

Miaka saba, na anajua kufunga mdomo. Watu wazima wangapi hapa Kisenyi wanaweza?

Maharage yameiva vizuri. Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 17 Juni

Akinyi alikwenda shule peke yake. Amerudi na askari mwanamke.

Akinyi ni mke wa Juma. Mkenya, Msabato, mwenye duka, mrefu kama mlingoti. Hakumzaa Salama. Mama mzazi alifariki mtoto hajaanza kutembea. Juma yuko Dubai, analinda mlango wa benki, kwa hiyo nyumba ni sisi watatu. Akinyi hapendi mambo ya wembe, ndiyo maana nilichanja Jumamosi, yeye yuko kanisani. Tangu siku hiyo mpaka jana nikamwogesha Salama mimi, ili asione.

Askari akauliza nani anamwogesha mtoto. Akinyi akajibu, ni mimi, kila siku. Basi unamwogesha na hujaona vidonda kumi na viwili? Akinyi akanitazama.

Nilikuwa pale pale kwenye mkeka. Nikakunja mkeka, nikaukunjua. Nikajiambia, mimi sijaulizwa.

Alhamisi Salama atapimwa na daktari, askari ana fomu yake. Daktari akiandika kwamba mtoto anateswa, Salama atapelekwa makao ya watoto na Akinyi atapelekwa kortini. Kwa sasa Akinyi asilale hapa. Ameweka nguo mbili kwenye mfuko, ameenda kwa dada yake kule Kabalagala. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumatano, 18 Juni

Salama hakumaliza uji. Nimemsuka, akasema Mama hamvuti hivyo. Nikamwambia akae kimya.

Mama Fatuma wa mlango wa pili akaja kunipongeza kwamba Akinyi ameondoka. Eti mama wa kambo ni mama wa kambo tu, na huyu ni mgeni tena, nilikuwa namwogopa nini siku zote. Akakaa kabisa, akingoja chai. Nikamwambia chai yangu ina wenyewe. Akaondoka amenuna.

Nimekasirika siku nzima. Kwanza nilidhani nimemkasirikia yeye.

Naogopa jela. Haya, nimeandika. Na naogopa zaidi kuambiwa mbele ya watu kwamba nilimuumiza mtoto wa Juma.

Anakohoa bado. Jana kidogo, leo sana.

Alhamisi, 19 Juni

Tumetoka hospitali. Nitaandika yote.

Tulimkuta Akinyi kwenye baraza, amefika kabla yetu, ameshika sweta kavu la Salama. Askari hakumruhusu kuingia. Niliingia mimi.

Nilitegemea mzee mwenye miwani. Daktari ni msichana mdogo, ningeweza kumtuma dukani. Lakini ana adabu. Alinisalimia kwanza, akaniita Jajja, kama wanavyoita bibi hapa, akanawa mikono, akaisugua mpaka ikapata joto. Akavuta kiti cha chini ili asimtazame mtoto kutoka juu. Akamwambia Salama, hapa mwenye mwili ndiye mwenye amri, ukisema acha, naacha. Akamvika vile vipira vya masikioni asikilize moyo wake mwenyewe. Salama akacheka. Siku tatu sijamsikia akicheka.

Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kidole cha mguu. Kila alama aliuliza. Hii ya goti? Nilianguka. Hii ya mkono? Chai ya moto, zamani. Akafika mbavuni, akapima chale kwa rula ndogo, akazichora kwenye karatasi yenye picha ya mtu. Nani alikufanyia hizi?

Salama akanitazama mimi. Akafunga mdomo.

Akauliza tena kwa upole. Mtoto akaanza kutokwa machozi, mdomo umefungwa, na macho hayatoki kwangu. Daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia askari kwamba mtoto anamwogopa mtu. Askari akageuka kuutazama mlango, kule alikokuwa Akinyi.

Hapo nikaona nilichofanya. Mtoto ananitii mimi, na utii wake unamfunga mama yake.

Nikasema, "Salama, mdomo nimeufungua. Sema."

"Dawa italala."

"Ilale. Sema."

Akasema, "Ni Bibi. Alinichanja nisikohoe. Mama hajui."

Daktari akanipa kalamu, akaleta karatasi nyingine, akaniomba nichore bila kutazama ya kwanza. Nikachora sita na sita. Akaziweka pamoja. Akamwonyesha askari kwamba zinalingana, ni za juu juu, zimepangwa sawasawa pande zote, na mwili wote hauna alama ya kipigo. Akasema aliyechanja alikuwa anatibu. Nikanyoosha shingo.

Mapema mno. Akanigeukia. Wembe ulikuwa mpya? Nusu mpya. Chale moja ina usaha. Na nani alinipa ruhusa ya kumfunga mtoto mdomo, siku akiumizwa kweli na mtu mwingine atasema kwa nani? Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Kisha akasikiliza kifua. Akasikiliza tena upande wa kulia. "Jajja, umechanja nje. Ugonjwa uko ndani." Nimonia, inaanza. Ametupatia dawa.

Mlango ulipofunguliwa Salama alimkimbilia Akinyi, akapanda juu yake kama mti.

Ijumaa, 20 Juni

Akinyi amelala nyumbani. Asubuhi alitandika kitanda, akafagia, akaniandalia chai. Halafu akasimama mlangoni. "Siku mbili, Mama. Siku mbili ulinyamaza."

Nikasema, ndiyo.

Akangoja. Mimi sijui maneno ya kuomba, sikufundishwa. Nikavaa kanga, nikaenda bombani walikokuwa wanawake wote na madumu yao, Mama Fatuma katikati. Nikawaambia kwa sauti, aliyemkata mtoto ni mimi, Akinyi hakujua, na atakayemtaja tena kwa ubaya aje anitaje mimi usoni. Mama Fatuma akauliza kama naumwa. Nikamwambia nimepona jana.

Niliporudi Akinyi alikuwa amesikia. Bomba haliko mbali. Alikuwa anakaanga samaki, na kipande cha mkia, ninachokipenda, alikuwa amekitenga pembeni. Bado ana hasira, na ana haki. Lakini mkia nilikula.

Jumapili, 22 Juni

Kikohozi kinapungua. Amemaliza uji na kuomba mwingine.

Jumanne, 24 Juni

Askari alikuja mchana. Jalada limefungwa, nimepewa onyo, jina langu limeandikwa kitabuni. Nikamsahihisha alivyoliandika. Nilimpa chai, akanywa vikombe viwili, akasema na yeye ana chale, za bibi yake. Hakucheka, lakini karibu.

Sasa wamelala wote wawili, jua bado liko dirishani. Akinyi amechoka na duka, Salama amemwekea mguu tumboni. Anapumua bila ile filimbi ya kifuani. Nimekaa nasikiliza tu.

Dawa imebaki siku mbili. Asubuhi Akinyi, jioni mimi, baada ya chakula, kijiko kijae. Asiseme mtu kwamba amepona, kwa hiyo tuache. Chupa iishe. Akikataa, ashikwe pua.