Ile Kuukuu Niliyoitoa

Kaka mpendwa,

Uliniuliza kama kompyuta ya bei nafuu inashinda ile uliyonishauri ninunue. Shajara yangu ya tarehe tatu inasema inawaka upesi na kioo chake ni kizuri. Muuzaji alicheka: "Dada, hii itakuzika wewe." Watoto wanaigombania.

Ili anipunguzie bei nilimwachia kompyuta yangu kuukuu. Kwanza nilihamishia kila kitu kwenye mpya, pamoja na sauti ya marehemu mama akituusia. Tarehe kumi na tisa mpya ilizimika, na fundi anasema diski imekufa. Ile kuukuu muuzaji alishaifuta.

Ulinishauri vizuri, kaka. Sasa pekua simu yako, hata kama utapata pale mama anapokuita jina tu.

Mdogo wako