Mama Alisikia Sokoni

Ngagara, Bujumbura
Tarehe 18 Aprili 1970

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Léocadie,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, nikitumaini zitakukuta mzima pamoja na watoto, na kwamba yule mchanga ameshaanza kucheka. Kikohozi cha shemeji Byamungu kimepona, au bado anakitibu kwa pombe ya ndizi? Mwambie daktari wa familia ameuliza. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Nsimire anakusalimia sana, anasema maharagwe uliyotutumia yaliiva upesi kuliko haya ya hapa, na hajui kama huo ni ujanja wako au ni wa udongo wa Bukavu.

Barua yako niliipata, nikaisoma hata nikaikariri. Umesema Byamungu amechoka. Anakuita, unaendelea na shughuli zako. Mama mkwe alikusalimu mlangoni, ukampita kama mti. Tangu ujifungue mtoto huyu wa mwisho, wanasema, kiburi chako kimezidi, na mbele ya wazee wake Byamungu ametamka hivi: “Huyu mwanamuke hasikii.” Sasa wanataka kukaa kikao kabla ya Pentekoste, waamue kama urudishwe kwetu. Umeniomba nije nikusemee. Ruhusa ya kazi nimenyimwa, Yaya, kwa hiyo nakusemea kwa kalamu. Nivumilie nikianzia mbali kidogo.

Unakumbuka ulipotutembelea wakati wa Noeli ulinicheka kwa kuniona natoka Jumamosi na kalamu mfukoni kama mtoto wa shule. Nilikueleza kwamba sisi madaktari wa hapa tumejiwekea masomo. Vitabu tulivyosomea vinazeeka upesi kuliko sisi, na dawa tulizosifiwa jana leo zinakatazwa. Basi mara moja kwa mwezi tunakaa kwenye madawati, watu wazima wenye vitambi, na mmoja aliyejua jambo jipya anatufundisha. Ukituona tunavyogombania viti vya nyuma ungecheka tena.

Mwezi wa pili somo lilikuwa la moyo. Mwalimu wetu alileta gramafoni na santuri iliyorekodiwa mioyo ya wagonjwa, akatuambia kila atakayesikia mvumo wa moyo usiofunga vizuri ainue kidole. Nilikaa karibu na Callixte, rafiki yangu tunayefanya naye kazi chumba kimoja, mtu mrefu mwenye maneno machache. Nilikuwa na sababu yangu ya kukaa hapo: kidole chake kikipanda, na changu kinapanda. Tulikwenda vizuri hivyo santuri mbili. Ya tatu, Callixte akainua kidole, nami nikakiinua changu juu kabisa. Mwalimu akaniuliza nimesikia nini. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejiamini kwamba ni mvumo laini, upande wa kushoto. Chumba kizima kilicheka. Sindano ilikuwa bado haijagusa santuri.

Callixte hakucheka. Tulipotoka aliniambia polepole, “Cirimwami, mi niliomba tu bafunge dirisha. Mvua ilikuwa inaingia.” Halafu akaniuliza tangu lini. Nilimjibu kwamba nilikuwa na usingizi, tukaachana hapo.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja, daktari wa masikio kutoka Ubelgiji, aliyekuwa akipita tu hapa Bujumbura. Alitueleza ugonjwa ambao sisi tulipokuwa masomoni tuligusiwa kwa mistari miwili. Ndani kabisa ya sikio kuna mfupa mdogo kuliko punje ya mtama, unaotakiwa kutikisika. Kwa watu wengine unakakamaa. Ugonjwa huo unatembea ndani ya familia, unaanza ujanani, na kwa wanawake mara nyingi unazidi wakibeba mimba. Na mwenye ugonjwa huo, akasema, ana ajabu yake: penye kelele anasikia vizuri kuliko penye utulivu, kwa sababu kelele hazimsumbui kama zinavyotusumbua sisi, na watu wote huko wanapaza sauti. Akamalizia hivi: “Anayesikia sokoni na asiyesikia nyumbani, msimwite mwongo.”

Hapo kalamu yangu ilisimama. Nilimwona Mama. Yaya, unakumbuka Baba alivyokuwa akimwita kutoka uani, naye hageuki? Ukoo wote ulisema Mama hasikii, yaani mkaidi, hashauriki. Lakini sokoni Kadutu, kati ya wapagazi na mashine ya kusaga, alidaka hata utani uliosemwa nyuma ya mgongo wake, akaujibu. Ndipo Baba akahukumu kwamba anasikia akitaka. Mama alizikwa na jina hilo la mkaidi, na wala hakuwa na kosa. Niliona uchungu mpaka nikainama kwenye dawati nikijifanya nafunga kiatu.

Watu walipotoka nilibaki. Yule mama alikigonga kichuma chake chenye meno mawili akakishika mbele ya sikio langu. Sikusikia kitu. Akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, kikaimba, na hiyo ndiyo dalili ya ule mfupa mdogo uliokakamaa. Callixte alikuwa mlangoni, anasoma tangazo ambalo nadhani alishalisoma.

Sasa nikuambie lile ambalo hata Nsimire amelijua juzi tu. Sisikii, Yaya. Tangu mwaka jana mioyo ya wagonjwa imekuwa ikienda mbali nami. Nikienda Jabe sokoni nasikia vizuri, nikirudi hospitali kwenye utulivu napotelewa, na nilikuwa nikijidanganya kwamba ni uchovu. Nsimire alidhani nimeanza ubosi. Nimemweleza mkuu wetu. Tangu siku hiyo kila kifua ninachokipima Callixte anakipima baada yangu, na wagonjwa anawaambia ndivyo tunavyofanya siku hizi, kusikiliza wawili. Ninaogopa sana kuacha kazi hii, ila ninaogopa zaidi mtoto wa mtu apite mikononi mwangu bila kusikilizwa.

Kuna upasuaji. Wanautoa mfupa huo wanaweka mwingine, na yule mama ananitafutia nafasi kwao. Wengi wanapona, wachache sikio linakufa kabisa. Nitatangulia mimi, sikio moja kwanza. Nikirudi nasikia, tutatafuta njia yako.

Maana nawe unao ugonjwa huu, Yaya. Sijakupima, lakini barua yako imenitosha kushuku. Barua hii mpe Byamungu aisome mwenyewe. Kisha mwende wote wawili Kadutu, msimame karibu na mashine ya kusaga, aseme nawe kwa sauti ile anayotumia hapo kwenye kelele. Ukimjibu, amwite mama yake ashuhudie. Na kwenye kikao awaambie wazee kwamba shemeji yake daktari hakumpinga hata kidogo. Amesema kweli: mkewe hasikii. Basi akae mbele ya uso wake anapomwita, amguse bega, apaze sauti.

Wabusu watoto, hasa yule mchanga, na umwimbie kwa nguvu. Nsimire anasema atakutumia kitenge. Mungu awatunze nyote mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, asiyesikia kama wewe na kama Mama,

Cirimwami