Kofia Ilisema Wafula Amelala

Ijumaa, Aprili 2018. Vumbi limefunika Doha tangu alfajiri, na kutoka dirishani mwangu hapa Al Sadd sioni hata jengo la pili. Macho yananiwasha. Si vumbi peke yake.

Leo nimemsindikiza ndugu yangu Wafula uwanja wa ndege. Amerudishwa nyumbani. Sababu waliyompa ni kwamba ubongo wake una kasoro.

Woi, hata kuiandika kunaniuma.

Wafula alikuwa dereva wa basi la kampuni, lile la kuwatoa vijana kwenye kambi za Industrial Area na kuwapeleka kwenye ujenzi. Mwaka huu kampuni ilileta kofia za majaribio kutoka nchi nyingine. Ndani zina vidude vya chuma vinavyogusa ngozi na kusoma mawimbi ya ubongo, na dereva akianza kusinzia zinalia. Siku ya kwanza alicheka sana. Akanipigia: "Sista, sasa hata nikimtukana mudir kimoyomoyo atasikia!" Mudir ni meneja wao. Kwa wiki kadhaa kofia yake ikakaa kichwani kimya kama nyingine yoyote.

Kisha mama akafa.

Hatukupewa ruhusa ya kusafiri, si yeye si mimi. Tulitazama maziko kwa simu, tumeketi kitandani kwangu, picha ikikwama kila mara. Kwetu Bungoma, siku ya tatu baada ya maziko wafiwa hunyolewa. Wafula akasema kama ameshindwa kumwaga mchanga kaburini, nywele hazitamshinda. Nikamnyoa mwenyewe kwa wembe pale bafuni, nikampaka mafuta, maana shangazi zetu hawaachi kichwa kilichonyolewa kikavu. Akawa anajipaka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hatukuwa na matanga mengine zaidi ya hayo.

Kuanzia hapo kofia haikunyamaza. Inalia barabarani, inalia kwenye taa, inalia hata basi likiwa limeegeshwa na yeye amesimama nje anakunywa chai ya karak. Mudir akamwita, akamwambia mashine inaonyesha ubongo wake unalala macho yakiwa wazi, kwa hivyo ni mgonjwa. Khalas, kazi imeisha. Hakuna daktari hata mmoja aliyemwangalia.

Wiki jana alipitia kwangu kabla ya kuirudisha ile kofia. Akaivua, akaiweka mezani juu chini. Vile vidude vilikuwa vinang'aa. Nikapitisha kidole.

Mafuta. Yalikuwa yameganda kwenye kila kimoja, na mashine ilikuwa inayasoma mafuta, si Wafula.

Nikasema aki hili ni jambo dogo, litaisha leo leo. Kumbe! Mudir akasema yeye hasomi kofia, wanasoma walioitengeneza. Hao wako ng'ambo, wakajibu kwamba mwenye lalamiko afuate sheria za nchi alikoivalia. Ofisi ya kazi hapa ikasema inashughulika na mkataba, na mkataba hautaji ubongo. Ubalozini mama mmoja alinisikiliza vizuri, akanipa pole ya msiba, halafu akasema kwetu hajawahi kusikia sheria ya kitu kama hicho na hajui anitume kwa nani. Nimepigwa danadana mpaka nimechoka. Kofia yenyewe ilivuka mipaka bila kuulizwa na mtu. Lalamiko langu ndilo limekosa mlango wa kupitia.

Na habari imemtangulia Bungoma. Jana shangazi alinipigia kwa sauti ya chini: "Nekesa mwanangu, ni kweli mtoto amerukwa na akili?" Nikamweleza, nikarudia, akaitikia mmh, mmh. Nilijua haniamini. Sasa nani atamkabidhi basi lenye abiria mtu anayesemwa hivyo? Udereva ndio kazi pekee anayoijua Wafula, na anaipenda.

 Leo pale mlangoni uwanja wa ndege, pa kuagana, akaniuliza kama wale wa ng'ambo bado wanayo yale waliyoyarekodi kichwani mwake. Nikamwambia wanayo, na hawajasema watayafuta lini. Akajishika kichwa, nywele zimeanza kuota.

"Siku zile zote nilikuwa namlilia mama. Naendesha huku namlilia, Nekesa. Wao wameandika nililala."

Akaingia. 

Nimerudi chumbani, kile kichupa cha mafuta bado kiko bafuni. Sijakigusa. Nimelia vya kutosha leo, na Jumapili narudi kazini kama kawaida.

Lakini nitapiga simu tena, zote, kuanzia ile ya kwanza. Wakiniuliza nataka nini, nitawaambia wafute pale walipoandika usingizi, waandike kilio. Hivyo tu. Je, kuna nchi yoyote yenye ofisi ya hilo?