Punguzeni Sauti, Kuna Mwali Ndani

Baba Mwajuma,

Asalamu alaykum huko uliko. Sie huku Chanika hatujambo. Mama yako hajambo, ila goti linamsumbua kukiwa na wingu, na kila akimaliza kuswali anakutaja. Mwajuma hajambo, amekonda kidogo lakini anakula. Mdogo wake Zuwena hajambo, jino la mbele limeng'oka, sasa anapiga mluzi kwa pengo kutwa nzima. Mdogo wako Salumu hajambo, haachi kuja Jumapili na mkate wake. Hata yule mbuzi wako wa pembe moja hajambo, juzi kala kanga yangu. Mie ndiyo nakuandikia kwa mkono wangu, na darasa langu la nne unalijua, kwa hiyo usizicheke herufi.

Nimetoka eda, mume wangu. Mama yako mwenyewe ndiye aliyenimwagia maji. Muda wote ule nilikuwa chumbani, Mwajuma ananipitishia sahani mlangoni, na habari za nje analeta yeye. Mvua za vuli zilipoanza kupiga bati nikawa nalala nawaza, njia ya msituni sasa inateleza, nani atawaambia wageni?

Ndiyo madhumuni ya barua hii. Mwajuma ameshika fimbo yako ya kuongozea wageni msituni.

Hakuniuliza. Wale wageni wako wa kutembea, wanaotokaga mjini na mabuti yao, walipiga simu yako hawajui kama umefariki. Akapokea yeye. Akawaambia, baba hayupo, nitawapitisha mie. Roho yangu! Nikamwona chatu kamzunguka, nikamwona kapotea, nikamwona kaanguka bondeni, na yeye bado yuko jikoni anachuja chai. Salumu naye akaongeza kuni: mtoto wa kike na msitu wapi na wapi? Kamtafutia kazi ya duka Mbezi Luis, pale stendi, kivulini. Anataka jibu Ijumaa. Moyoni nilishamjibu. Nilisema aende dukani, nami nilale.

Jumamosi ile aliyowapitisha nilikuwa bado ndani. Mwajuma akarudi, akakaa chini nje ya mlango wangu na matope yake, akanisimulia.

Hondohondo amerudi kwenye mti wake. Yule ndege jike anayeingia tundu la mti vuli ikianza, wanaziba mlango kwa udongo, unabaki ufa tu, na dume anamlisha hapo hapo mpaka makinda yakue. Wewe ulimwitaga mwali. Wageni ulikuwa unawasimamisha kwenye lile gogo ulilolilaza njiani, unawaambia, "Punguzeni sauti, kuna mwali ndani." Watu wa pwani wanaelewa, binti aliyewekwa ndani hapigiwi kelele mlangoni. Wa bara ulikuwa unawaeleza taratibu. Dume akiona watu karibu haji, na asipokuja, mle ndani ni njaa.

Basi kuna kijana mmoja kavuka gogo. Ana kispika mgongoni kinapiga singeli. Anataka kuugonga mti ili ndege achungulie ampige picha. Mwajuma kamwambia, "Kaka, rudi. Kuna mwali ndani."

Kijana kacheka. "Mwali gani, dada? Ngoma lini, mbona sijaalikwa?"

"Hujaalikwa, ndiyo maana nakwambia rudi. Na hicho kispika kizime, mwenye nyumba anarudi na chakula."

Wenzake walimcheka huyo kijana mpaka akazima. Wakakaa nyuma ya gogo, kimya, na dume akaja.

Nilicheka peke yangu chumbani, Baba Mwajuma. Sikuwa nimecheka tangu kipupwe kile tulipokuzika.

Jana asubuhi nikamwambia anipeleke. Mie! Miaka yote ulikuwa unanibembeleza nami nina nguo za kufua. Tulipofika ukingoni mwa msitu akasimama akapiga hodi. Wewe ukiniambiaga msitu unapigiwa hodi, nilijua unatania. Akasubiri. Nikamuuliza tunasubiri nini. Akasema, "Baba alisema ukipiga hodi ukaingia bila kusubiri, hukupiga." Ndege mmoja akalia mbali kama mtoto mchanga, ndipo tukaingia.

Siafu walikuwa wanavuka njia, tukasimama wapite, mie nimekunja gauni mpaka magotini. Akaniambia masika wanakuwa mto mzima, huwaruki, unazunguka. Kiangazi hapeleki mtu dimbwini jioni, maji yamebaki pale tu, wenye kiu wanywe kwanza. Kipupwe majani yamekauka, anatembea hatua ndogo ndogo asije akamkanyagia sange nyumba yake, yule panya wa pua ndefu anayelala kwenye majani. Maneno yako yote. Nilikuwa nakusikia wewe, ila sauti nyembamba.

Tukachuchumaa nyuma ya gogo. Goti likaniuma, nikanyamaza. Dume akaja na tunda la mkuyu mdomoni. Ule ufa ukatoa ncha ya mdomo, ukapokea, ukarudi ndani. Nikakumbuka sahani yangu mlangoni. Nikalia... lakini kidogo kidogo, maana kuna mwali ndani.

Ijumaa nitamwambia Salumu ahsante, duka lipate mtu mwingine. Atanuna. Nitampikia mchuzi wa nazi, atanunua tena mkate. Usidhani hofu imeniisha, hii nilizaliwa nayo. Mwajuma nimemwambia avae mabuti, simu iwe na chaji, na mie nitamsindikiza mpaka ukingoni kila safari, apende asipende.

Gogo lako limeoza upande mmoja. Nakuahidi, kabla vuli haijaisha mie na yeye tutalaza jingine pale pale, na hakuna atakayelivuka nikiwa hai.

Lala salama, mume wangu. Kama una neno la kunikataza, lilete upesi, Ijumaa haiko mbali. Kama huna, Jumamosi nitakuwa pale na binti yako. Nitapiga hodi, na nitasubiri. Usikawie kujibu.

Mkeo,
Mama Mwajuma