Vioo vya Wagalu

Kirumba, 2 Juni 1938

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako huko kwenye mashamba ya katani. Mama anakusalimu sana.

Tangu uniachie kundi letu la ngoma la Wagalu niliongoze, usingizi sina. Mavuno yakiisha tunashindana na Wagika: uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu wakimbilie wanakopenda; wenye watu wengi ndio washindi. Nimenunua vioo dukani kwa Sadru, kila mchezaji kimoja kifuani. Tutacheza jioni tukilitazama jua. Likizama, vioo vinazimika, nasi tunasimama kimya. Basi, imekwisha.

Mwanao,
Ndalahwa

Tanga, 21 Juni 1938

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini nipo.

Vioo? Umerogwa? Ngoma inamalizwa na manju anayeiongoza, si jua! Na wingu likija utacheza na nini? Kundi hilo nimelijenga kwa miguu yangu hii. Ukishindwa, mkabidhi mjomba wako Chenge, wewe ukalime pamba.

Baba yako

Kirumba, 16 Agosti 1938

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Wingu lilikuja kweli! Vioo vikafa, watu wote wakahamia kwa Wagika, upande wa ziwa. Mjomba Chenge akanifokea, "Tupa vioo, cheza ngoma za baba yako Shimba!" Nilitaka kulia, Baba. Nikawaambia wenzangu wasimame hapohapo.

Jua likachungulia chini ya wingu. Mwanga ukaruka kutoka vifuani mwetu ukawapiga wale watu usoni. Wakageuka. Loo, walivyokimbia! Hata wapiga ngoma wa Wagika walikuja. Tulicheza kidogo tu, jua likazama, tukasimama. Bibi mmoja akauliza, "Ndiyo hivyo tu?" huku machozi yanamtoka.

Tumeshinda. Ukirudi tutakuchezea ileile.

Mwanao,
Ndalahwa

Tanga, 30 Septemba 1938

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba.

Kabla barua yako haijafika, walikuja vibarua wapya kutoka Sengerema. Mmoja akaniuliza mbele ya kambi nzima, "Mzee, ati wewe ndiye baba yake Ndalahwa wa vioo?" Mimi, Shimba, niliyeimbwa toka Kamanga mpaka Igoma! Nikavimba kichwa, nikajibu, "Ndiye mimi, unasemaje?" Jioni nikawachezea, mgongo nikausahau.

Ile usinichezee. Imekwenda na jua lake, waliokuwapo ndio wenye bahati. Tunga nyingine. Nikifika nitasimama uwanjani na watu wengine, nichague pa kukimbilia.

Ni mimi,
Baba yake Ndalahwa